Finchi kumi, tundu moja: shajara ya mradi

11 Januari

Mjomba amehamia Malindi, akaniachia ndege wanne ndani ya tundu la urefu wa sentimita 60. Ni finchi aina ya zebra: madume mawili yenye mashavu ya rangi ya chungwa na vimilia kifuani, na majike mawili ya kijivu. Yeye hakuwa amewapa majina. Mimi nimewapa: Pilipili na mkewe Kashata, Karafuu na mkewe Mahamri. Tundu nimelitundika roshani, mkono wa kushoto wa cherehani yangu.

Nashona nyumbani, kwa hiyo nawaona kutwa. Na ninayoyaona si mazuri. Pilipili anamkimbiza Karafuu kijiti hadi kijiti, na kwa kuwa tundu ni fupi, Karafuu anaishia chini, kajibanza ubavuni mwa bakuli la maji. Leo nimefungua ukurasa wa nyuma wa daftari la vipimo vya wateja, nikatazama saa, nikapiga kistari kila mmoja anapomfukuza mwenzake. Nusu saa: vistari 43. Nitahesabu hivi kila wiki, saa tatu asubuhi, wakishakula.

Ninachotaka ni hiki: ndege wapatao kumi katika tundu moja, na pasiwe na anayevuja damu. Kijana wangu asema si niwatenge tu, jozi huku na jozi kule. Nimemwambia huo si mradi, hiyo ni talaka.

14 Januari

Nimesoma siku tatu. Mawili yamenikaa.

La kwanza, jozi mbili ndiyo hesabu mbaya kuliko zote. Ikiwa jozi ni moja, hakuna mpinzani. Zikiwa tatu au zaidi, bughudha hugawanyika, mbabe hajui amwandame nani. Zikiwa mbili, mnyonge ni mmoja tu, na ndiye anayekula mdomo asubuhi mpaka jioni. Karafuu hana kosa lolote, ni hesabu iliyomwangukia.

La pili, finchi huruka kwa kwenda, si kwa kupanda. Tundu refu la kusimama kama mnara ni la kumfurahisha mwenye nyumba. Ndege anataka urefu wa kulala, apate kupiga mbawa mara kadhaa kabla hajatua. Na anayefukuzwa anataka pa kufikia.

20 Januari

Nimekaa na fundi seremala, futi kamba yangu mkononi. Tumekubaliana: urefu sentimita 150, kina 60, kimo 90. Wavu wa nusu inchi. Milango miwili midogo huku na huku badala ya mmoja mkubwa katikati, ili nikitia mkono upande mmoja wote wapate kukimbilia wa pili.

Nimenunua pia jozi ya tatu ya zebra, dume nimemwita Tambi na jike Iliki, na bengali wanne. Bengali ni ndege ambaye porini hayupo popote. Amezalishwa Japani, matunduni, kutokana na finchi mdogo wa Asia aliyepelekwa huko kutoka China. Ana kahawia na weupe wa kuparaganyika, kama kitambaa kilichomwagikiwa chai, na sifa yake kubwa ni upole. Muuzaji aliniapia kuwa ni jozi mbili kamili. Dume na jike wa bengali hawatofautiani kwa sura hata kidogo, ila kwa wimbo: dume huimba, jike haimbi. Tutaona.

Huyo huyo muuzaji alinionyesha kisanduku cha ndege wa porini waliotegwa, wadogo wa samawati, wazuri mno. Nimekataa. Kwanza, Kenya kumfuga ndege wa porini bila kibali ni kosa. Pili, ndege aliyezaliwa kichakani akiwekwa roshani hufa kwa hofu kabla hajafa kwa ugonjwa. Akanisukumia finchi mwenye utepe mwekundu kooni, utadhani kachinjwa, na shomoro wa Java, yule wa mdomo mnene mwekundu aliyeletwa Zanzibar zamani akawa mwenyeji. Hao nao hapana. Wa koo jekundu ana tabia ya kuingia viota vya wenziwe, na wa Java ana mdomo wa kumvunja mguu zebra bila kukusudia.

Wageni wote sita wako chumbani kwa kijana, katika tundu la zamani la kuku nililolisafisha. Siku 30 huko, hawapumui hewa moja na wenyeji. Kijana analalamika kuwa wanaamka kabla ya adhana.

3 Februari

Tundu limefika. Wavu mpya una vumbi la zinki, na finchi hupenda kudonoadonoa, kwa hiyo nimeusugua wote kwa siki na brashi, nikausuuza, nikauanika jua la siku mbili. Fundi alipungukiwa wavu akamalizia mlango mmoja kwa wa inchi moja, akidhani sitatambua. Kashata ametambua kabla yangu: nilipomtia kujaribu, alipenya kama uzi katika tundu la sindano. Tumemshika juu ya kabati la vyombo baada ya saa nzima, taa zimezimwa, kwa leso. Mlango umebadilishwa.

Vijiti: matawi ya mpera, mengine manene mengine membamba, miguu isichoke kushika unene mmoja. Hapa ndipo nimefikiri sana. Kijiti cha juu kabisa kila ndege anakitaka, hasa wakati wa kulala. Kikiwa kimoja, ni kiti cha enzi. Nimeweka viwili, kimoja kila mwisho wa tundu, kimo sawasawa, nimepima kwa futi kamba. Katikati nimeacha wazi pa kurukia, ila nimening'iniza pazia la majani ya ukindu ili anayekimbizwa akipita nyuma yake apotee machoni. Mara nyingi mwenye kukimbiza asipomwona mwenziwe husahau alikuwa akitafuta nini.

12 Februari

Kunguru. Nani wa Mombasa hawajui. Asubuhi nimesikia kelele, nikakuta wawili wamening'inia kwenye wavu, mmoja ana manyoya ya mkia mdomoni. Ni ya Mahamri. Yeye mzima, ila nyuma kafupika kama kuku aliyenyeshewa. Nimeongeza wavu wa pili nje, umbali wa upana wa kiganja kutoka ule wa kwanza, na upande wa nyuma nimefunga leso kuukuu. Leso imesaidia kuliko nilivyodhani: sasa wana ukuta wa kuegemea mgongo, hawaoneshwi pande zote nne.

22 Februari

Siku ya kuwakutanisha. Sikutaka wageni waingie nyumba yenye wenyewe, kwa hiyo jana usiku niliwatoa wote wanne, nikahamisha vijiti na mabakuli kila kimoja, na leo asubuhi nimewatia kumi kwa pamoja. Hakuna mwenye kumbukumbu ya hiki changu kile chako.

Mabakuli ya mbegu manne, mbali mbali. Maji mawili, moja kila mwisho, na sahani ya kuogea saa za mchana tu. Mbegu ni wimbi na mawele kutoka Kongowea, nachekecha vumbi kwanza. Mchicha uliooshwa. Mfupa wa dome, ule mweupe unaotupwa na bahari ufuoni, nimeloweka siku nyingi kuondoa chumvi kisha nimeubana kwenye wavu. Wanaukwaruza kwa ajili ya chokaa.

Vistari vya nusu saa: 19. Ndege kumi, na bado ni chini ya nusu ya walivyokuwa wanne.

8 Machi

Vistari 7. Bengali wamejipanga ubavu kwa ubavu kwenye kijiti cha chini, wote wanne, kama wazee wa barazani baada ya alasiri. Akija zebra kumsukuma wa mwisho, safu nzima inasogea kidogo, basi. Hawarudishi. Pilipili alijaribu siku mbili kuwachokoza akachoka, maana ugomvi ni wa wawili.

Na ukweli umejulikana: bengali watatu wanaimba. Ndizo "jozi mbili kamili". Anayeimba husimamisha manyoya ya tumbo, akarukaruka mahali pamoja, na wimbo wenyewe ni kama mtu anayenong'ona huku akisaga karanga. Zebra yeye sauti yake ni ya kitarumbeta cha mtoto siku ya Idi.

24 Machi

Nimeona wametulia, nikawaonea huruma hawana nyumba. Kijana amenichongea vifuu sita vya nazi, kila kimoja na kitobo, nikavitundika juu, vyote kimo kimoja. Makumbi nimeyakata vipande vifupi vya urefu wa kidole, marefu humfunga ndege mguu. Na kwa kuwa mbingu zimeanza kufunga, nimewaongeza yai la kuchemsha kila siku, pamoja na ganda lake lililopondwa.

Jozi zebra tatu, bengali kundi moja, vifuu sita. Nilijiona karimu.

6 Aprili

Nitaandika kwa ufupi maana mikono bado inanitetemeka. Kashata alikuwa na mayai matano katika kifuu cha kulia mwisho. Asubuhi hii Mahamri na Karafuu, wale wale wanyonge wa Januari, wamemvamia. Vifuu viwili vilikuwa vitupu kabisa, havina hata unyoya. Walitaka kile. Nimemkuta Kashata sakafuni, kisogo hakina manyoya, ngozi inavuja damu, mayai matatu yamevunjika chini yake. Pilipili anapigana na Karafuu huku Tambi, asiyehusika, anatumia nafasi hiyo kuiba makumbi. Sikuhesabu vistari. Kalamu isingefuatisha.

Kashata yuko kwenye kisanduku kidogo, taa ya joto pembeni, damu imekoma.

Bibi wa ghorofa ya chini amepanda juu kwa zile kelele. Yeye alifuga kanari miaka mingi, zamani, mumewe akiwa hai. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasimama kimya akatazama vifuu.

"Mamangu, nani alokwambia ndege ataka nyumba?"

"Nimewahurumia, bibi. Mvua inaanza."

"Ndege ataka pa kulala. Nyumba ataka akitaka kuzaa. Na akizaa hana jirani."

7 Aprili

Nimelala na maneno yake. Zebra kwao ni Australia, sehemu kame. Huko hawangoji mwezi maalumu wa kuzaa. Mvua ikinyesha na majani yakatoa mbegu, wanaanza mara moja, kwa sababu neema haidumu. Sasa nitazame nilichofanya: unyevu wa masika dirishani, yai kila siku, mchicha mbichi, makumbi, na vifuu sita vimepangwa. Nimepiga ngoma ya vita kwa mikono yangu halafu nikashangaa wanacheza.

Kosa si idadi ya vifuu. Wafugaji wengi hushauri viota viwe maradufu ya jozi, na kwa anayetaka makinda labda ni sawa. Mimi sitaki makinda, nataka amani, na kiota kimoja tu chatosha kumfanya ndege mpole awe na mpaka wa kulinda. Hata jike mwenyewe huumia: akitaga mfululizo chokaa humwisha mwilini, yai humkwama, akafa.

Vifuu vitano nimeviondoa. Yai nimepunguza, mara moja kwa wiki. Makumbi yote nje.

Kile cha sita nimekiacha kwa sababu hii: mayai mawili ya Kashata yalisalimika. Jike wa bengali na dume mmoja walikuwa wanaatamia yao katika kifuu cha kushoto. Nimegawa tundu kwa kizuizi cha wavu, bengali wote wanne upande mmoja na kifuu chao, zebra upande wa pili bila kiota. Mayai yao matatu nimeyatoa, nikaweka yale mawili. Bengali hajui yai la nani. Aliingia, akazunguka, akakaa. Ndiyo maana wafugaji humtumia kulelea makinda ya finchi wengine.

11 Aprili

Nimemulika mayai kwa tochi ya simu usiku. Moja ni jeupe tupu. Jingine lina vishipa vyekundu kama ramani ya mito.

Vistari upande wa zebra: 12. Siku nne tu tangu viota viondoke.

18 Aprili

Limetotoa. Kitu chenyewe kina ukubwa wa punje ya harage, kipofu, uchi. Nimempa jina Kaimati kwa kutarajia mema. Upande huo yai la kuchemsha linaendelea kila siku, kizuizi kinaniruhusu kuwalisha tofauti.

Kashata amerudi kundini, kisogo kimeanza kuota vijisindano vya manyoya. Kabla ya kumrudisha nimehamisha tena vijiti vyote. Karafuu alimtazama, akaenda kuoga.

8 Mei

Kaimati ametoka kifuuni leo, siku ya 20. Mdomo mweusi, kama makinda yote ya zebra, mkia mfupi, anaruka kama jiwe. Amejikita katikati ya walezi wake.

Jambo la pembeni: Iliki ametaga ndani ya bakuli la mbegu. Kumbe bakuli lenye kina nalo ni kiota kwa anayekitafuta. Nimebadilisha yote, sasa ni visahani bapa vya chai. Hajataga tena.

25 Mei

Kaimati anajilisha mwenyewe. Kifuu cha mwisho nimekitoa, na hapa nikaingia tatizo nisilolitarajia. Zebra usiku hutosheka na kijiti. Bengali wamezoea kulala ndani, wote kwa pamoja, na walipokosa kifuu walihangaika mpaka saa tatu, wakipandana mgongoni penye kijiti kile kile. Mmoja alianguka gizani, na akianguka mmoja kumi wanashtuka. Tundu zima likawa mbawa.

Nimefanya mawili. Taa ndogo ya rangi ya chungwa inabaki ikiwaka. Na fundi amenipa kipande cha ubao, sentimita 30 kwa 12, chenye ukingo wa upana wa kidole, nimekifunga chini ya dari, kona ya bengali. Ni rafu tu. Haina paa, haina ukuta, hakuna pa kudai kuwa ni nyumba. Usiku wa tatu walipanda wote wanne, wakajipanga. Kaimati wa tano, katikati.

1 Juni

Kizuizi nje. Wote kumi na mmoja pamoja. Vistari 9.

22 Juni

Vistari 4. Nimejaribu kitu: nimeondoa mabakuli mawili ya mbegu nione kama bado yanahitajika. Dakika kumi, vistari 11. Nimeyarudisha na kuwaomba radhi. Tambi ndiye mwenye choyo, hukaa juu ya bakuli hata akiwa ameshiba. Penye manne hawezi kukalia yote.

Ya matunzo, kwa anayetaka kufuata: gazeti la chini hubadilishwa kila asubuhi, maji mara mbili kwa siku kwenye joto hili, vijiti husuguliwa kila Jumamosi. Kikaango kisichoshika chakula hakiwashwi tena nyumba hii, moshi wake kikiungua huua ndege kwa dakika. Mume wangu hakuamini mpaka nilipokitoa sadaka.

19 Julai

Kaimati ana miezi mitatu. Mdomo umegeuka mwekundu, mashavu ya chungwa yametoka, kifua kina milia. Zebra dume kamili kwa macho. Wiki kadhaa alikuwa akigugumia peke yake kama anayekariri, leo nimesikia wimbo mzima. Nimesimamisha cherehani.

Ni wimbo wa bengali. Ule ule wa kunong'ona na kusaga karanga, na manyoya ya tumbo ameyasimamisha vilevile. Madume ya zebra hujifunza wimbo kwa anayewalea, na aliyemlea huyu alikuwa mlezi wa kabila jingine. Mtaalamu wa Ujerumani, Klaus Immelmann, alilichunguza jambo hili miaka ya 1960 kwa makinda ya zebra yaliyolelewa na bengali. Mimi nimelipata roshani bila kulitafuta.

Nilidhani zebra halisi watamsumbua kwa ugeni wake. Pilipili, babake wa damu, amemkimbiza mara moja tu, na Kaimati akafanya kama wafanyavyo bengali: akasogea. Nusu saa, vistari 3, na hicho kimoja ni chake.

3 Agosti

Vistari 3 tena. Kusi linavuma, leso ya nyuma nimeifunga kwa kamba mbili. Mkia wa Mahamri umeota wote. Kisogo cha Kashata huwezi kujua kiliwahi kuwa upara.

Bibi wa chini ameomba nimpelekee picha ya rafu ya kulalia, mjukuu wake naye ana bengali. Nimeipiga usiku: migongo mitano, minne ya madoa na mmoja wa kijivu.

Leo mchana Kaimati amemwimbia Iliki, wimbo wote mwanzo mpaka mwisho, akiruka mahali pamoja. Iliki kamtazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili, akashuka kula wimbi. Kaimati akaenda kumwimbia bengali jike.